Lango Halinywi Maji

Paskalina binti yangu,

Habari za kula, kulala na kufunga mlango ameshakupa mama yako, na za kumwogopa Mungu atakupa katekista kesho pale stendi, maana najua atakuja, hakosi mahali penye watu. Mimi hayo sina. Mimi nina jambo moja linalonichefua tangu siku ya mnada. Nimelimeza, limerudi, nimelimeza tena, na sasa begi lako liko mlangoni limefungwa, kwa hiyo acha nilitapike hapa kwenye karatasi.

Utajiuliza kwa nini mzee aliyeishia darasa la tatu aandike wakati mdomo anao. Mdomo ndio ulioniponza. Nikiufungua mbele yako majivuno yanatoka yenyewe kama ng'ombe wakifunguliwa asubuhi, siwezi kuyarudisha zizini. Kalamu inanichelewesha. Kila neno nalivuta kama jiwe shambani, na mtu anayevuta mawe hana pumzi ya kujisifu. Kidogo ninayo, utaona.

Kwanza yale ya kweli. Maji ya bomba hapa kwetu Kansay niliyaleta mimi. Asikudanganye mtu. Wataalamu walikuja na kofia zao wakapima mlima, wakasema mwamba huu hauchimbiki kwa mkono. Nikawaambia, nyie hamjaona Wairaqw wakichimba. Niliitisha msaragambo, kazi ya kijiji ya kujitolea, na watu walikuja kwa sababu niliita mimi, angeita mwingine wangekwenda kilabuni. Tulichimba mfereji kutoka chemchemi kule juu msituni mpaka hapa penye bomba. Sululu yangu ilivunjika mpini nikaendelea na chuma chake mkononi. Hilo hata wanaonichukia wanalisema.

Na kanuni nilitunga mimi. Nilisimama mbele ya watu wote, mwenyekiti wa kamati ya maji, nikasema: kila kaya itoe mtu wa kuchimba, na kila kaya itachota madumu matatu kila asubuhi. Tajiri matatu, maskini matatu, katekista matatu, mlevi matatu. Watu wakapiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Kisha mtu mmoja akauliza, "Mwenyekiti, na hawa Wamaasai wa ng'ambo ya korongo, boma lao tunalihesabuje?" Sikufikiri hata kidogo. Nilikuwa na utamu wa makofi masikioni. Nikajibu, "Lango moja, kaya moja." Wakapiga tena.

Nilikuwa najua kujibu mimi. Hilo ndilo tatizo langu maisha yangu yote, jibu huja kabla swali halijakaa chini.

Boma lile unalijua, ni la akina Naserian, mwenzako wa shule. Waliteremka kutoka Endulen, kwa sababu huko ndani ya hifadhi kulima hakuruhusiwi, na ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe. Baba yao ana wake wanne. Na kwa Wamaasai, mwanangu, mke ana nyumba yake. Aliijenga yeye mwenyewe kwa fito na mavi ya ng'ombe, jiko lake humo, watoto wake humo, na mke mwenza haingii bila hodi. Nyumba nne, majiko manne. Lakini kuzunguka zote kuna ua wa miiba, na mwanamume mwenye boma ana lango moja la kuingizia mifugo yake. Mimi niliona lango.

Sasa tazama kwetu. Kaka zako wawili walipooa, kila mmoja alijenga nyumba hapa hapa kiwanjani kwangu, unaweza kurusha ndizi kutoka mlango wa mmoja ikaangukia kwa mwingine. Tulihesabiwa kaya tatu. Madumu tisa, kwa watu wachache tu, wengine watoto wa kunyonya. Ng'ambo ya korongo, wake wanne na watoto wao ambao mimi sikuwahi hata kujua idadi yao, madumu matatu.

Na usidhani hawakuchimba. Mume wao alikuwa ameswaga ng'ombe waliobaki kwenda kutafuta majani huko upande wa Malambo. Siku ya kwanza ya msaragambo akatokea mama yake Naserian, jembe begani, shanga zote shingoni. Mimi nikasema kwa sauti, ili watu wasikie, "Mama, hapa tunachimba mwamba, hatuchezi ngoma." Watu wakacheka. Mama Naserian alishuka mfereji akaanza. Kesho yake akaja na wake wenza wote watatu. Wanawake wanne, siku zote za kazi, mmoja ana mtoto mgongoni. Walichimba kipande kile kibaya cha chini ya mkuyu, ambacho wanaume wetu walikuwa wanakikwepa kwa kusingizia mgongo. Jasho la watu wanne. Nikaandika kaya moja. Nilijiambia, wameamua wenyewe kuja wengi, nani aliwaita?

Unaona inavyonuka?

Na kinachonitia kinyaa zaidi ni kwamba sikuiba. Hata tone. Ningeiba ningekwenda kwa padre, ningepiga magoti, ningepewa rozari za kutosha na kurudi nyumbani mwepesi. Sasa nikaungame nini? Kwamba nilikuwa mwadilifu? Kuna siku niliwafukuza kaka zako kwenye bomba walipotaka dumu la nne, niliwafukuza kwa fimbo, kijiji kizima kikaona, na sifa zangu zikafika mpaka Karatu mjini. Haki yangu ilikuwa imenyooka kama fito. Ilikuwa imenyooka na inawachoma watu wale wale kila asubuhi.

Walikuja wageni, wale waliotoa mabomba, kufanya tathmini. Neno hilo nililijua siku ile, na sasa ndilo litakalokulisha. Walikuja na gari mbili, wakasimama pale pale kwenye bomba asubuhi, foleni ikiwa imejaa. Wakauliza, "Je, makundi yote yanafaidika?" Wanawake wetu wakaitikia, "Ndiyooo!" "Kuna mwenye malalamiko?" "Hakunaaa!" Na mimi nikaitikia, sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Wakala mbuzi wangu. Wakapaka maandishi ya buluu kwenye tangi, MAJI NI USAWA, wakanipa na fulana yenye maneno hayo hayo. Mama yako sasa anaipangusia sufuria, na mimi ndiye niliyempa, nilikuwa siwezi kuiona.

Fikiria ujinga ule. Waliuliza kwenye foleni ya bomba nani amekosa bomba. Waliokuwa wanaumizwa na kanuni walikuwa wapi saa ile? Walikuwa bondeni, korongoni, wanakwangua mchanga wapate maji ya tope pamoja na nyani. Nani angelalamika pale? Hata kanisani padre hawahesabu wasiokuja kwa kuwaangalia waliokuja.

Sasa nikupeleke kwenye mnada, maana hapo ndipo niliposhikwa.

Uliporudi kutoka Arusha kwenye usaili, ulikuja unakimbia tangu kwenye mwembe wa shule, viatu mkononi. "Baba, nimepata! Waliniuliza nitoe mfano wa kanuni inayotenda haki kwa makundi yote. Nikawapa mfereji wako! Madumu matatu, tajiri na maskini, lango moja kaya moja! Yule mama mkubwa wa usaili akasema baba yako ndiye angetufaa hapa." Nilichinja jogoo. Nilikunywa kidogo, mama yako atasema sana. Na siku ya mnada nikavaa koti langu, nikazunguka kutoka kwa wauza mbuzi mpaka kwa wauza mitumba, nikimtangaza binti yangu ambaye anakwenda kupima kanuni za kampuni ya mahoteli, aone kama zinambana mtu kwa kabila lake, au kwa uanamke wake, au kwa ulemavu wake. Na nani alimfundisha? Mimi.

Nikafika penye wauza maziwa. Mama Naserian amekaa na vibuyu vyake. Nikamsalimu kwa lugha yao, najua kidogo, "Takwenya!"

"Iko," akaitika. "Leo umevaa koti. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama. Paskalina wangu amepata ofisi. Anakwenda kupima haki za watu."

"Na mizani ameitoa wapi?"

"Kwangu! Kwa kanuni ya mfereji wangu. Wakubwa wa Arusha wameipigia makofi."

Alicheka, mwanangu. Alicheka mpaka akashika kibuyu kisimwagike. Akamgeukia mwenzake, yule mke mdogo, akamwambia kitu kwa Kimaasai, naye akaanguka na kicheko. Kisha akaniambia, "Basi Lango Moja amezaa Lango Moja."

"Lango gani?"

"Hukujua? Ndilo jina lako kwetu. Hata watoto wanaochunga ndama wanalijua. Nilidhani unajivunia, wewe mtu wa kujivunia kila kitu."

Nikakasirika. Nikamwambia sikumpendelea mtu, kila kaya ilipata sawa na kaya nyingine, aende akaulize. Akaacha kucheka. Akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga ndama, "Wewe ulihesabu lango. Lango halinywi maji, mzee. Lango halina watoto. Lango halikuchimba chini ya mkuyu."

Sikuwa na jibu. Unasikia? Mimi. Basi nikafanya kama mtu anayezama, nikashika chochote. Nikasema, "Lakini nyie nao shule hamtaki. Mbona Naserian mlimtoa mkitaka kumwoza?"

"Nani alikwambia tulimwoza?"

"Nilisikia."

"Aliozwa, ndiyo," akasema. "Aliolewa na dumu. Mahari umekula wewe."

Sasa naomba ukae vizuri, maana hapa ndipo panapokuhusu. Unakumbuka ulikaa na Naserian dawati moja. Wewe ulimfundisha kuhesabu kwa Kiiraqw, wak, tsar, tam, naye akakutengenezea bangili ya shanga ambayo mama yako alikukataza kuingia nayo kanisani. Halafu akaanza kuchelewa. Halafu akawa haji. Ulikuja ukaniuliza, umesimama pale pale nilipokaa sasa, "Baba, mbona Naserian haji shule?" Nami nikiwa natafuna muwa, nikakujibu bila hata kuacha kutafuna, "Wale ni watu wa ng'ombe, shule haiwaingii."

Ukaamini, kwa sababu nilisema mimi.

Kumbe mtoto yule alikuwa mkubwa wa watoto wote wa boma, na maji ya lango moja yalipoisha kwenye jiko la kwanza, ndiye alishuka korongoni kwa ajili ya majiko mengine. Akifika shuleni kipindi kimeisha, anachapwa kwa kuchelewa. Kanuni ya shule nayo ilikuwa sawa kwa wote, anayechelewa anachapwa. Wewe uliyetoka kwenye madumu tisa hukuwahi kuchelewa. Fimbo hiyo nani aliipeleka? Nimeifuata nyuma nikafika kwenye mkono wangu.

Mpaka leo anashuka korongoni na punda, mwanamke mzima. Wewe kesho unakwenda ofisini. Mlianza dawati moja.

Nilirudi nyumbani nikavua koti. Usiku huo sikula, mama yako akadhani ni pombe. Kesho yake nikaenda kwenye kamati. Mimi si mwenyekiti tena, lakini nikiingia watu bado wanasogea. Nikasema, turekebishe: tuhesabu jiko, tusihesabu lango. Penye mwanamke anayepika na watoto wanaokula, hapo ni kaya. Mwenyekiti wa sasa, ambaye kazi nilimfundisha mimi, akatabasamu, akasema, "Mzee wetu, wewe mwenyewe ulitufundisha. Sheria ni msumeno." Wakacheka, maana nililisema neno hilo kwa miaka mpaka likawa kama shikamoo yangu.

Msumeno hukata mbele na nyuma, ni kweli. Lakini haujawahi kumkata aliyeshika mpini. Hilo nilipaswa kulijua, mimi niliyepasua mbao ujana wangu wote.

Unajua nani alinipinga kwa nguvu? Wifi yako, mke wa kaka yako mkubwa. Alisimama mbele ya watu, "Baba, samahani, lakini tukiwapa wale kila mke madumu yake, sisi nguo za watoto tutafulia mate?" Sikumchukia. Ni mtu mzuri, aliniuguza. Lakini niliona jambo: aliyezoea madumu tisa akiambiwa arudishe mawili anaona ameibiwa, na anasema hivyo kwa moyo safi kabisa. Huko uendako utakutana naye. Atakuwa amevaa vizuri na atakuchangamkia.

Basi, kwa ubishi wangu, nikachukua madumu mawili ya nyumba yangu, nikayabeba mwenyewe kuvuka korongo, na miaka hii yangu. Nilifika natweta. Nilitegemea, nisikudanganye, nilitegemea nishukuriwe. Mama Naserian akatoka, akayatazama yale madumu kama mtu anayetazama kinyesi mlangoni.

"Nini hicho?"

"Maji. Nimekuletea."

"Lipelekee lango."

"Mama, nimekosa. Pokea."

"Leo umeleta. Ukifa nani ataleta? Sitaki maji yako, mzee. Nataka kaya yangu."

Nikarudi nayo. Njia nzima yananigonga mapajani, na watu wanauliza, "Mzee, unauza maji siku hizi?" Nilitema mate mpaka koo likakauka. Nilikuwa na hasira naye hadi nilipofika kwenye mkuyu, pale walipochimba wao. Hapo hasira ikaniishia, ikabaki ile chefuchefu tu.

Mahoteli yako siyajui. Lakini yupo mtu wa Endulen, ndugu wa Mama Naserian, ni mlinzi kwenye hoteli moja huko ukingoni mwa kreta. Wanamtaka getini na shuka na sime na masikio yake yaliyotobolewa, watalii wapige picha. Aliomba kazi ya kupeleka sahani mezani. Wakamwambia kanuni ya usafi inakataa masikio ya namna hiyo, na kanuni ni moja kwa wafanyakazi wote. Kwa wote! Ni kweli, hata mimi na haya masikio yangu mazima inanihusu. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema, sawa, kazi ina utaratibu wake. Sasa nikiikumbuka najisikia kama nimeona fulana yangu ya tangi imevaliwa na mtu mwingine.

Wewe ndiye utakayetumwa kuiangalia kanuni kama hiyo. Watakuweka kwenye chumba chenye chai, watakuitia wafanyakazi waliopata kazi, nao wataitikia "ndiyooo". Na wewe una kichwani mfereji wa baba yako, mfano mzuri, uliokupa kazi. Ndiyo maana sikuweza kukuacha uondoke hivi. Ukiwa na njaa mama yako amekufungia mahindi. Ukiwa na ile sifa yangu kichwani, hakuna wa kukuondolea.

Sikwambii uwaambie wakubwa wako kwamba mfano ule ulioza. Labda watakuona mjinga, labda kazi yenyewe itakwenda. Mimi nilikaa na makofi yangu miaka mingi nikiwa nimeshiba, siwezi kukuagiza ulale njaa kwa kosa nililokutilia mimi mdomoni. Utaamua. Unafanana na mimi kichwa, hutaki kuambiwa.

Mimi huku sijamaliza. Kamati inakaa tena baada ya mavuno, na nitakwenda, na wakicheka nitakwenda tena. Mama Naserian nimemwomba aje. Alisema atakuja iwapo kikao hakitafanyika asubuhi. Nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba vikao vyote vya maji tulivifanya asubuhi.

Jambo moja tu nimeliamua bila kukuuliza. Dereva wa Noah ya kesho ni yule Safari mwenye kiherehere. Nimemwambia asimame pale darajani, penye korongo. Akasema, "Mzee, nina abiria wa kuwahi basi la Arusha." Nikamwambia asiposimama atanikuta nimelala katikati ya barabara, achague. Ananijua. Atasimama.

Saa ile Naserian huwa anapanda na punda. Usimpungie mkono dirishani kama mtalii. Shuka. Mwamkie, msaidie kushika dumu, kisha muulize lile swali uliloniuliza mimi ukiwa mdogo, mbona hakuja shule, na safari hii usikilize jibu kwa mwenyewe. Abiria watapiga kelele. Waache wapige.

Akikuuliza nani amekutuma, usiseme mwenyekiti, wala usiseme mzee wa mfereji. Sema jina wanalolijua.

Mimi baba yako,
Lango Moja